Damu, Malezi, na Kijana Mgumu



Zamani katika nchi ya Bonde, na Uzigua, na milima ya Usambara, mtoto mchanga aliyeota meno ya juu kabla ya meno ya chini aliitwa kigego. Neno hili limo katika kamusi za Kiswahili hata leo. Kigego alidhaniwa kuwa ana mkosi ndani yake tangu tumboni. Akiachwa akue, ataleta misiba katika jamaa yake. Basi wengi wa watoto hawa waliuawa. Hakuna aliyengoja kuona tabia zao, maana hukumu ilikuwa imekwisha kusomwa katika ufizi.

Leo twajua kwamba meno ya juu kutangulia si kitu. Watoto wa namna hiyo wamo katika madarasa yetu, kutoka Pangani mpaka Moa, wala hakuna mwalimu awezaye kuwatambua. Lakini desturi ya kumhukumu mtoto kwa kile alichozaliwa nacho haikufa pamoja na mambo ya vigego. Imehama tu, ikaingia katika chumba cha walimu. Kijana akipigana mara mbili, au akiiba kalamu, au akikaa kimya juma zima asijibu neno, mtu atasema, "Yule? Babake alikuwa vivyo hivyo. Ni damu." Na mwenziwe atajibu, "Siyo damu, ni malezi, mamake hakumfunza." Kila mmoja ana methali ya kumsaidia. Wa kwanza ana mwana wa nyoka ni nyoka. Wa pili ana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kisha kengele hulia, nao hutoka wakiwa wamepatana katika jambo moja tu, kwamba kijana yule apigwe.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2021 wataalamu walikusanya habari za wagonjwa kutoka nchi nyingi, wakaona kwamba maradhi ya akili na ya moyo huwaanza watu mapema kuliko tulivyodhani: zaidi kidogo ya theluthi moja ya wagonjwa walianza kuugua kabla ya kufika miaka 14, na karibu nusu kabla ya miaka 18. Maana yake, wengi huanza kuugua wakiwa bado wamo katika umri wa kukaa mbele ya mwalimu. Basi mwalimu asemalo juu ya asili ya tabia lina nguvu ya kumwokoa mtoto au kumtupa.

Tuanze na mkonge, maana hakuna mtu wa Tanga asiyeujua. Mwaka 1893 Daktari Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Wadachi, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida katika Marekani. Safari ilikuwa ndefu na mingi ikafa njiani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 yakaanza mashamba yaliyoenea hata Muheza, Korogwe na Kilosa, na kufikia mwaka 1964 nchi yetu ikawa yatoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka.

Sasa angalieni jambo moja. Mkonge haupandwi kwa mbegu kama mahindi. Ufikapo mwisho wa umri wake hutoa nguzo ndefu, na juu ya nguzo huota miche midogo mamia kwa mamia, na kila mche ni mamaye yule yule aliyejirudia. Hauna baba. Shamba zima, ekari baada ya ekari, ni kama pacha wasiohesabika waliosimama katika mistari. Basi mwenye shamba aliyepita kati ya mistari ile, akaona huku mkonge umesimama imara, na kule majani yameoza shinani yakalala kama yaliyofungwa mshipi, hakuweza kusema kwamba mbegu ya kule ni mbaya. Mbegu ilikuwa ile ile. Wataalamu walipochunguza waligundua kwamba udongo wa kule umechoka, umepungukiwa na potashi, kwa sababu ya kuvunwa mkonge miaka mingi pasipo kurudishiwa kitu. Dawa yake ilikuwa mbolea.

Lakini msije mkasema kwamba mbegu haina kazi. Huko Amani, na baadaye Mlingano katika Muheza, wataalamu walizalisha mkonge chotara, wakaupa namba 11648. Mkonge wa zamani hutoa majani 200 hadi 250 katika maisha yake yote, na chotara huyu, akipata udongo mzuri, hupita 500. Hapa udongo ni mmoja na mvua ni moja, na tofauti yote ya mavuno yatoka katika mbegu. Tena chotara huyo huyo, pamoja na ubora wake, hushikwa kwa wepesi na ugonjwa wa madoa uitwao kwa jina la Korogwe. Mahali pasipo na ugonjwa huo udhaifu wake hauonekani kabisa. Mtu angeweza kuulima miaka yote asijue kwamba umo.

Nimekawia katika mkonge kwa sababu mambo yote matatu tunayoyahitaji yamo humo. Mbegu zikiwa sawasawa, tofauti yote huletwa na udongo. Udongo ukiwa sawasawa, tofauti yote huletwa na mbegu. Na ipo mbegu ambayo udhaifu wake hulala mpaka ikutane na adui wake maalum.

Twende sasa kwa wanadamu. Mungu ametupa sisi nasi mikonge yetu, ndio pacha. Wako pacha waliotoka katika yai moja lililogawanyika. Hawa wana chembe za urithi, ambazo wataalamu huziita jeni, zilizo sawasawa. Na wako pacha waliotoka katika mayai mawili; hawa hawapatani kwa jeni kuliko ndugu wa kawaida, ila tu walishirikiana tumbo na siku ya kuzaliwa. Mwingereza Francis Galton ndiye aliyefikiri mwaka 1875 kwamba pacha waweza kutufundisha juu ya asili na malezi. Hesabu yenyewe si ngumu. Pacha wa yai moja na pacha wa mayai mawili, wote hulelewa nyumba moja. Ikiwa wa yai moja wamefanana kwa hasira, au kwa hofu, au kwa huzuni, kuliko wanavyofanana wale wa mayai mawili, basi kufanana kule kulikozidi kwatoka katika damu.

Mwaka 2015 zilijumlishwa habari za uchunguzi wa namna hii uliofanywa katika muda wa miaka 50: maandishi 2,748, yenye pacha zaidi ya jozi milioni 14. Zilipojumlishwa tabia zote pamoja, za mwili na za akili, tofauti kati ya mtu na mtu zilitoka katika urithi kwa kadiri ya 49 katika 100. Mambo hayafanani, lakini. Ile hali ya mtoto asiyeweza kutulia wala kuelekeza fikira zake mahali pamoja, urithi wake wakaribia 74 katika 100. Huzuni kubwa iliyo ugonjwa, urithi wake ni kama 37.

Kwa hiyo yule mwalimu wa kwanza, aliyesema ni damu, hakusema uongo mtupu. Hapa najua baadhi ya wasikilizaji wangu hawataridhika, maana sisi walimu twapenda kuamini kwamba mtoto ni ubao mtupu na chaki i mkononi mwetu. Mama aliyelea watoto sita ajua zaidi. Atakuambia kwamba wa tatu alilia tangu siku ya kwanza, na wa nne alinyamaza tangu siku ya kwanza, na maziwa yalikuwa yale yale.

Lakini sikilizeni vizuri maana ya hesabu ile, kwa kuwa wengi huikosea, hata wasomi. Kusema 49 katika 100 hakuna maana kwamba nusu ya wizi wa Fulani ni wa babake na nusu ni wake mwenyewe. Hesabu hiyo haimhusu mtoto mmoja hata kidogo. Yahusu tofauti zilizopo katika kundi la watu wengi, mahali fulani, wakati fulani. Kumbukeni shamba la mkonge: ukisawazisha udongo, fungu la mbegu huongezeka, ingawa mbegu haikubadilika. Na wengi wa pacha wale walipimwa katika nchi za Ulaya na Marekani, ambako karibu kila mtoto hushiba na kulala chini ya dari. Ndiyo kusema, udongo wao umesawazishwa kwa kadiri kubwa kuliko wetu. Mtu asiichukue hesabu ya kule akaibandika juu ya mtoto wa kambi ya mkonge, ambaye babu yake alikuja kutoka Kigoma au Songea akiwa manamba, na ambaye baba yake alibaki kambini pasipo kazi wakati mashamba yalipokufa. Damu ya jamaa ile haikubadilika siku kiwanda kilipofungwa. Kilichobadilika ni chungu.

Tena, asidhani mtu kwamba iko jeni moja ya ukaidi, kama vile iko jeni ya selimundu. Ugonjwa wa selimundu twaujua vema katika pwani yetu yenye malaria. Huko herufi moja tu katika maandishi ya damu imekosewa, na mtoto aliyeirithi kwa baba na kwa mama pia huugua. Aliyeirithi upande mmoja tu hupata kinga ya malaria, kama alivyoonyesha Daktari Allison mwaka 1954 kwa kazi aliyoifanya katika Afrika ya Mashariki. Tabia si hivyo. Kwa muda wa miaka mingi wataalamu walitafuta jeni moja ya huzuni, au chache, na magazeti yakazitangaza kwa shangwe. Mwaka 2019 jeni 18 zilizosifiwa kuliko zote zilipimwa upya kwa watu maelfu kwa maelfu, zikaonekana hazina nguvu kuliko jeni nyingine zozote zilizookotwa tu. Urithi wa tabia umetawanyika katika jeni nyingi mno, kila moja na nguvu kidogo kama punje ya mchanga wa Raskazoni. Kwa hiyo hakuna awezaye kumtazama baba mlevi akapiga ramli juu ya mwanawe. Mwana amechukua nusu ya jeni za baba, zimechanganywa upya kama karata, na nusu nyingine ni za mamaye.

Hapa ndipo mfano wa mkonge unapotuacha, maana mkonge haumkasirishi mkulima. Mtoto humkasirisha. Mtoto aliyezaliwa mwepesi wa hasira hulia sana, hukataa, huvunja, hujibu. Na kila mtu mzima anayemkaribia humrudishia ukali. Mtoto mpole aliyezaliwa nyumba hiyo hiyo huchekewa. Watu husema wamelelewa pamoja, na kumbe kila mmoja amelelewa nyumba yake. Kwa njia hii damu hujitafutia malezi, na malezi hayo yakishapatikana huizidisha ile hasira iliyoyaita. Ni kama mtu mwenye kidonda mguuni ambaye, kwa kuwa achechemea, kila mpita njia humkanyaga pale pale.

Je, ni haki basi kusema kwamba mtoto mgumu amejiletea fimbo mwenyewe? Swali hili liliulizwa kwa jozi 1,116 za pacha waliozaliwa Uingereza na Wales, na jibu likatangazwa mwaka 2004. Kwa habari ya kofi la kawaida, ndiyo, tabia aliyozaliwa nayo mtoto ilikuwa na sehemu katika kumfanya mzazi apige. Lakini kwa habari ya kupigwa kwa kuumizwa, tabia ya mtoto haikuwa na sehemu ila ndogo sana. Chanzo cha kuumiza kilikuwa kwa mkubwa mwenyewe na katika nyumba yake. Naomba walimu wenzangu waliweke moyoni neno hili. Kofi la kwanza laweza kuwa limeitwa na mtoto. Fimbo ya kumi na tano ni yetu sisi.

Na sisi twapiga sana. Uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike na wa kiume, walikuwa wametendewa ukali wa mwili kabla ya kufika miaka 18. Mwaka 2014 ilitangazwa habari ya watoto 409 wa shule ya msingi nchini mwetu. 95 katika kila 100 walikuwa wamepata kupigwa kwa adhabu nyumbani na shuleni. Waliopigwa zaidi nyumbani ndio walioonekana wakali zaidi, wasiotulia, na wagumu kuwasaidia wenzao. Mtu mwenye busara atauliza, "Yawezekana walipigwa kwa sababu walikuwa wakali?" Ndiyo, yawezekana, nami nimekwisha kueleza jinsi gurudumu hilo lizungukavyo. Lakini kama kiboko kingekuwa dawa, aliyekunywa dozi kubwa kuliko wote angalikuwa ndiye mzima kuliko wote.

Labda mtasema kwamba haya yote ni hesabu za kukaa na kutazama, na kwamba hakuna aliyepata kubadili udongo akaona litakalotokea. Ilitokea, pasipo mtu kukusudia, katika milima ya North Carolina, Marekani. Profesa Jane Costello na wenzake walikuwa wakiwachunguza watoto 1,420 mwaka hata mwaka, na robo yao walikuwa Wahindi Wekundu wa kabila la Cherokee. Kisha kabila hilo likafungua nyumba ya michezo ya kamari katika nchi yao, na faida ikaanza kugawiwa kila mtu wa kabila. (Sisifu kamari, naeleza yaliyotokea.) Nyumba kadhaa zikatoka katika umaskini. Wazazi walikuwa wale wale, na jeni zile zile. Miaka michache baadaye watoto wa nyumba zile walipungua ukaidi na ugomvi, wakawa sawa na watoto wasiopata kuwa maskini kamwe. Na walipotafuta sababu waliona kwamba wazazi walikuwa wamepata nafasi ya kuwaangalia watoto wao. Huzuni na hofu, lakini, hazikupungua sana kwa fedha. Basi hata udongo una namna zake, na mbolea moja haitibu kila jani.

Sasa, mwalimu wa Mkinga au Handeni hana kamari wala fedha za kugawa. Ana nini? Katika kisiwa cha Kauai, katika visiwa vya Hawaii, Bibi Emmy Werner aliwafuata watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 mpaka wakawa watu wazima. Wengine walizaliwa katika taabu nyingi kwa pamoja: umaskini, ugomvi nyumbani, mzazi mlevi au mwenye ugonjwa wa akili. Theluthi moja ya hawa wenye taabu nyingi walikua wakawa watu wema, wenye kazi na nyumba zao. Alipotazama wana nini, mojawapo ya vitu alivyoona ni kwamba karibu kila mmoja alikuwa amepata mtu mzima mmoja aliyemshikilia, mara nyingi asiye mzazi wake: bibi, shangazi, jirani, mwalimu.

Watu wa pwani hii hawakungoja kuambiwa hayo na Hawaii. Msichana alikuwa na somo yake, na mvulana aliyetoka jandoni alikuwa na kungwi wake, mtu wa kumwendea na jambo asiloweza kumwambia baba. Mengine katika mafunzo yale hayakufaa, na yaliyoachwa na yaachwe. Lakini tulipoiacha desturi yote tuliuacha na ule uzi mmoja uliomfunga kijana kwa mkubwa asiye mzazi. Mwalimu wa shule, na mwalimu wa chuoni afundishaye Kurani, na katekista, hao ndio waliobaki karibu na mahali pale. Haidai fedha. Yadai kumjua kijana kwa jina, kumwuliza amelala wapi, amekula nini, na kungoja jibu.

Yadai pia kuacha kumkanyaga kidondani. Sheria zetu zenyewe ni kali kuliko mazoea yetu: kanuni za mwaka 2002 juu ya adhabu ya viboko shuleni zasema visizidi vinne, navyo vipigwe na mwalimu mkuu au aliyepewa idhini yake kwa maandishi, kwa kosa kubwa, na viandikwe katika daftari. Kila mmoja wetu ajua jinsi daftari hilo lilivyo jeupe.

Kijana akiwa haponi kwa maneno, akiwa halali, hali, anazungumza habari za kufa, au hasira yake yapita kiasi, huyo aenda hospitali, kama aendavyo mwenye homa. Mkoa wetu si mgeni wa kazi hii. Pale Lutindi, juu ya milima upande wa Korogwe, wamisionari wa Kidachi walijenga nyumba mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 mahali pale pakafanywa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza katika Afrika ya Mashariki, nayo yafanya kazi hata leo. Nadhani hakuna aliyeuliza, mtoto aliyenyakuliwa kwa mamaye akapelekwa pwani kwa kamba akilia usiku, kama kilio kile kilikuwa cha damu yake.

Mzazi asingoje mpaka mtoto afungwe kamba. Aanzie zahanati iliyo karibu, au hospitali ya mkoa, Bombo. Na mwalimu amwandikie barua ya kuchukua: aliyoyaona, siku gani, saa ngapi, yalianza lini, nini kilitangulia. Habari za babake kijana na aziache, mpaka daktari atakapoziuliza.